Mkorofi wa Filamu Yako

Mpendwa Mwenda,

Filamu yako nimeiona. Waliionyesha Jumamosi mchana katika ukumbi wa kanisa hapa Majimbo, na watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mimi nilinuna tu. Mwanamke mkorofi waliyekuwa wakimcheka ni mimi.

Usijitetee. Nani mwingine hurudisha chai mara mbili kwa sababu ya utando? Nani mwingine alikununia wiki nzima kwa sababu ulimchekea muuza ndizi wa Mitunguu? Umebadilisha jina tu.

Hata siku ya posa umeiweka. Ulikuja kwetu Mbeere na kitita cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba, kama mnavyompelekea baba wa msichana huko kwenu Meru. Baba yangu amelima muguka maisha yake yote, na muguka na miraa, yote majani ya kutafuna, ni washindani sokoni. Akakitazama kile kitita.

"Sasa kijana, unaletea mimi miraa? Huku kwa muguka?"

Alikuwa anaanza kutabasamu, nilimwona. Lakini mimi nikadakia: "Hata kuniuliza hukuniuliza, Mwenda! Beba hiyo kitu yako urudi Meru!"

Ukaibeba, ukaenda. Nami sikukuita.

Kwenye filamu, mkorofi anamkimbilia mchumba wake barabarani. "Nisamehe," anamwambia. "Mimi hupenda vibaya, lakini napenda." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Maneno hayo nilipaswa kuyasema mimi, Mwenda, nawe ukampa mwigizaji wako Kendi ayaseme. Tena mchumba unamwigiza wewe mwenyewe! Ulivyomtazama pale hukuwa unaigiza. Nakujua.

Nasikia wewe naye mnafunga ndoa Kinoru mwezi ujao. Namwonea wivu, sifichi. Wivu wenyewe unanikosesha hamu ya chakula. Kinachoniuma zaidi ni kwamba yeye akikosea mbele ya kamera anaambiwa arudie. Bila shaka alikimbia mara kumi mpaka akapatia. Mimi nilipewa siku moja.

Kuna jambo moja ambalo wenzangu ukumbini hawakuliona. Kabla Kendi hajatokea, mchumba anatembea polepole mno. Anasimama. Anainama kufunga kamba za kiatu ambazo hazijafunguka, huku akitega sikio nyuma.

Siku ile ya posa nilikuwa nyuma ya mlango, nimeshika komeo, nikijiambia kwamba umeshafika mbali.

Uishi salama na mke wako.

Aliyekuwa mchumba wako,
Wawira