Kitambaa Juu ya Kompyuta

Jumanne, 4 Machi

Kompyuta imegoma. Jana nachora ngazi za zahanati, ikajizima. Nikadhani umeme. Leo nabonyeza — taa inapepesa, kitu kinatikisika ndani, basi. Nabonyeza tena. Kimya! Michoro yote imo humo, na mkandarasi anaitaka Jumatatu.

Soketi nzima, birika linachemka palepale. Waya mzima pia: nimechomoa wa skrini nikaujaribu, hali ni ileile. Nimezunguka meza hadi mama mkwe akasema, "Mkwe, kaa basi, unanitia kizunguzungu."

Zamani angemwambia binti yake: mwambie mumeo akae. Hata nikiwa mbele yake! Miaka sita nilikuwa "mumeo" tu, kisa tulioana bila kumsubiri atoe neno. Amekuja kukaa nasi tangu mwezi uliopita, na wiki mbili zilizopita akanipa kitambaa alichofuma mwenyewe cha kufunika kompyuta. Cheupe, kina matamvua marefu. "Mkwe, hiki chako." Maneno matatu. Mke wangu alikwenda kulia bafuni.

Jumatano, 5 Machi

Fundi kwa simu: toa memori, isugue kwa raba ya penseli, rudisha. Nimesugua kama masufuria. Wapi!

Siwezi kukaa. Nafungua boksi la kompyuta, nafunga, natoka hadi getini, narudi. Na kila nikirudi nakuta kitambaa kimesharudishwa juu, kimechomekwa vizuri hadi nyuma. Mama anasema vumbi ndilo linaloua mashine. Hata ikiwa inafanya kazi huwa anaifunika. Nami nilikuwa namwachia, nikifurahi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeona! Nimemulika tochi ya simu kule nyuma, kwenye feni ya pawa saplai, kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme. Uzi mweupe. Tamvua zima limevutwa ndani, limejisokota mpaka feni ikakwama. Joto likakosa pa kutokea, pawa saplai ikaungua. Harufu bado ipo.

Nimeutoa kwa kibano cha nyusi cha mke wangu, kidogo kidogo, nikautia mfukoni. Kama nimeiba.

Nimemwonyesha mke wangu jikoni. Akashika kichwa, akasema: Mama akijua kazi ya mikono yake ndiyo iliyoua mashine, atafunga sanduku kesho, nawe utarudi kuwa "mumeo". Nikamwambia, nisiposema, pawa saplai mpya nayo itaungua. Akanirudishia uzi kiganjani. Hapo, anasema, ni wewe na mkweo.

Ijumaa, 7 Machi

Sijasema. Nimeanza mara tatu. Mara ya tatu akanikatiza: skrini ina upana gani? Anataka kuifumia nayo kitambaa chake.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nimesimama jikoni. Nimesema nachukua maji.

Fundi yuko sebuleni na pawa saplai mpya. Hajaifunga. Ameifungua ile ya zamani, amekuta uzi uliobaki, ameuinua kwenye mwanga. "Hii nini?" Mama ameketi hatua mbili kutoka kwake, anafuma.

Nikasema, "Panya."

Panya! Mtu mzima na ndevu zangu! Fundi akacheka: "Panya gani huyo anajua kufuma?" Njia ya mwongo fupi, yangu haikufika hata mlangoni. Sindano ya mama ikasimama. Fundi hana habari, anaendelea tu: hafungi mpya mpaka ajue chanzo, maana itaungua vilevile. Boksi lilikuwa linafunikwa? Na nini?

Ndipo nikakumbuka maji.

Nina aibu. Si ya kompyuta — ya kumwacha mama peke yake na swali lile, na kitambaa kimekunjwa mapajani pake. Ningemwambia Alhamisi, sisi wawili tu, mambo yangekuwa mepesi. Mke wangu yuko sokoni. Naweza kutoka kwa mlango wa nyuma.

Fundi ananiita. 

Sasa mama kasema. Si kwangu, kwa fundi, pole pole: "Kwani hii mashine inapumulia wapi?"

Fundi anamwonyesha. Nasikia kiti kikivutwa. Kisha mkasi, ukikata matamvua.

"Mwambie mume wa binti yangu," anasema mama, "alete maji."

Glasi mbili nimeshazijaza. Miguu haijakubali bado.