Tundu ya Kupitisha Kichwa ya Kuku

Mama Sifa, muke wangu,

Niko na miaka makumi munane na moja. Nimeishi kuliko ndugu zangu wote ine, kuliko baisikeli tatu, kuliko vita zilizotukimbiza mu pori mara mbili. Na wewe pia, nimeishi kuliko wewe. Hiyo ndiyo siwezi kuibeba.

Unakumbuka siku nilimaliza jiko yetu hapa Wamaza? Watu walitoka mbali kuiangalia. Ukuta ya udongo, mulango moja, dirisha hakuna. Nilitaka moshi ikae ndani, ikaushe mahindi ya mbegu kwenye dari, ifukuze wadudu mu nyasi ya paa. Mupaka leo, nani hapa iko na nyasi ya zamani vile na haivuji? Hakuna.

Wewe ulisema: "Baba Sifa, toboa hata tundu ya kupitisha kichwa ya kuku."

Nikakujibu: "Mwenye kuogopa moshi arudie kwa baba yake kule Nyangwe, akakule upepo ya muto!"

Ulicheka mupaka ukakohoa. "Sawa. Siku moja hiyo nyasi itakupikia."

Kisha, miaka mingi nyuma yake, ile safari ya hospitali ya Kasongo, watu watatu juu ya pikipiki, nimekukamata kiuno, nasikia mbavu zako zinavuta, zinavuta. Kule walikuwekea oksijeni ku pua. Nikamuuliza mama muganga: "Hewa iko hapa, mbona anakosa pumuzi?"

Akaniambia mu kifua hamuna mufuko mumoja. Muko vifuko vidogo sana, vingi kama mayai ya samaki, na ngozi nyembamba, na damu inapita ku ngozi ile. Pale hewa nzuri inaingia mu damu, ile imechoka inatoka. Moshi ya miaka imekula kuta za vifuko vyako. Hewa ilifika, ikakosa pa kuingilia.

Nikabisha. "Mimi nimekula moshi mbele wewe uzaliwe!"

Muganga akasema: "Basi, baba, panda kilima ile, urudi kuniambia kama pumuzi imebaki."

Sikupanda. Wewe ulikuwa unaniangalia, midomo yako rangi ya majivu, na hukusema kitu juu ya dirisha. Afazali ungesema.

Sasa Sifa, mutoto wetu, amerudi kunipikia. Mu jiko ile ile. Juzi nikamusikia: anakohoa mara mbili, ananyamaza, anakohoa moja. Ni kikohozi yako, Mama Sifa. Nilitupa sahani.

Nikakamata jembe, nikapiga ukuta. Mara tano, nikakaa chini, kifua imefunga. Sifa akasema: "Baba, niite jirani Musafiri akusaidie." Nikapiga kelele: "Hakuna mutu atagusa nyumba yangu!" Siku tatu napiga, nakaa, napiga. Leo tundu imefika kichwa ya kuku. Moshi inatoka kidogo, ingine yote inabaki na Sifa ndani. Na muganga alisema vifuko vikikuliwa, havioti tena. Vyake vimebaki ngapi? Niulize nani?

Basi nimemuita Musafiri. Mimi mwenyewe, kwa mudomo yangu. Nimemuambia abomoe upande muzima, na nyasi ikianguka, ianguke.

Kama iko njia ya kumuombea Sifa kule uko, muombee yeye. Mimi uniache.

Mume wako,
Baba Sifa

Mashahidi wa maneno haya: Musafiri, mwenye niko nasikia shoka yake ku ukuta, na Sifa, mwenye anakohoa hapa nikiandika.