Mkeka Katikati ya Darasa

Mwenzangu, uko wapi? Leo nimeumbuka mbele ya watoto wa chekechea!

Si unajua zile asubuhi zetu za saluni, mwanangu Kidoti simpeleki Montesori, anashinda na katuni? "Mtoto wa miaka mitatu atakosa nini," si ndivyo tulivyokuwa tunasema?

Basi leo nimemrudisha, baada ya siku nyingi. Mlangoni kaning'ang'ania sketi kama kupe, analia. Nikiwa nambembeleza, naona katikati ya darasa kuna mkeka, na juu yake mnara wa matofali ya mbao ulioishia nusu. Watoto wanauzunguka kwa adabu, utadhani kuna mtu amelala pale.

Mimi na kiherehere changu, nikainama niyakusanye.

Weee! Darasa zima likanigeukia. Katoto kamoja, kamasi mpaka mdomoni, kakanishika mkono: "Usiguse. Mwenyewe anakuja."

Mwenyewe nani? Natazama, pembeni ya mnara kuna kadi yenye picha ya Kidoti!

Mwalimu akacheka. "Hapa kazi ya mtu haiguswi mpaka aimalize, mama. Kila asubuhi wanauliza kama leo anakuja."

Kila asubuhi, mwenzangu! Na mimi niko saluni nachagua rangi ya kucha!

Kidoti kuuona mnara wake, akaachia sketi, akaketi, akapandisha tofali. Kilio kwisha. Hata kuniaga hakuniaga.

Kwa hiyo kesho usinipitie, saluni tutaenda Jumamosi. Kesho mwenyewe ana kazi.