Semina ya Mtu Mmoja

Jumapili, 7 Septemba 2025

Wiki ya kwanza chuoni. Leo tumepewa orodha ya semina za mwaka wa kwanza — kumi na mbili, kila mtu achague moja, kila semina viti kumi na tano. Kusajili kwenye simu, kuanzia kesho saa mbili asubuhi. Mwisho Alkhamis saa sita mchana.

Nouf, binti wa mama mdogo, aliniahidi tangu Ramadhani kuwa tutakaa darasa moja. Sina mwengine nnayemjua hapa. Chakula cha mchana nimekula peke yangu, karibu na mlango, ili nionekane kama nasubiri mtu.

Namba saba inaitwa Lugha za Nyumbani. Unamrikodi mzee wa kwenu, kisha unasimama kuyaeleza maneno yake darasani. Nikamfikiria bibi papo hapo.

Jumatatu, 8 Septemba

Nouf hakungoja. Saa mbili na dakika nne kanitumia ujumbe: ameshaingia semina ya biashara na wenzake wa skuli, nifanye haraka haijajaa. Nikamuuliza mbona hakunambia mapema.

"Si nshakwambia sasa?"

Nikajisajili namba saba. Kwa hasira, nadhani. Pakaandikwa: 1 kati ya 15.

Jumanne, 9 Septemba

Bado 1.

Bibi kaniuliza kama nimepata mashoga wa kusoma nao. Nikamwambia wengi. Kafurahi — niwalete kwake Mawaleh Ijumaa, atawapikia mkate wa kumimina. Nikasema haya, bibi.

Jumatano, 10 Septemba

Dokta Afra, mwalimu wa namba saba, kaniita ofisini. Kanitaja kwa jina, Jumana, bila kuangalia karatasi. Wa kwanza tangu nifike.

Mpaka leo tumo wawili. Tusipofika watano semina inafutwa. Kwenye semina ya akina Nouf kimebaki kiti kimoja, Dokta ameomba niwekewe mpaka kesho saa sita. Kisha kaniuliza kwa nini nimechagua hii. Nikamwambia nyumbani tunasema Kiswahili, si Kiarabu kama wengine hapa.

"Na hapa chuoni, humjui mwengine anayekisema?"

Nikasema simjui.

Urongo. Jumapili, kwenye foleni ya vitambulisho, msichana mbele yangu alikuwa akizungumza na mamake kwa simu. "Nshakula mama, usihangaike." Fajr, ndivyo walivyomwita dirishani. Nilitaka kumgusa bega. Lakini wasichana nyuma yetu wakaanza kumwiga Kiswahili chake na kumcheka, akageuka kutazama. Akanikuta na mimi nacheka.

Hilo sikumwambia Dokta Afra. Sijamwambia mtu.

Alkhamis, 11 Septemba

Mkahawani. Nayaandika haya kwenye simu, nimeinama.

Namba saba imefika 4. Hao wengine siwajui. Bado mmoja.

Saa tano na robo nilimwona Fajr, kakaa peke yake na sahani ya chipsi. Nikazunguka mara mbili kabla ya kumwendea. Nikamsalimu kwa Kiarabu, halafu kwa Kiswahili.

"Wewe siku ile ulicheka."

Nikasema ndiyo. Nikamwambia niliogopa wasije wakanicheka na mimi, maana kwetu twasema hivyo hivyo. Nikaomba radhi. Hakunambia niondoke, basi nikakaa.

Nikamweleza habari ya semina, na ya bibi nnayetaka kumrikodi. Kamaliza miaka yote ya skuli bila kufungua mdomo wake kwa Kiswahili mbele za watu, kanambia, na sasa mimi nnataka asimame darasani. Nikasema nami ntasimama. Kachukua simu yake, kaitazama, kaiweka chini tena. Yeye yumo semina ya picha, na huko kuna watu wawili anaowajua.

Saa sita kasoro dakika nane. Nouf kaniandikia: kiti bado kipo, waja au huji? Sijamjibu.

Fajr kaniuliza sasa hivi, macho kayaelekeza kwenye sahani: "Bibi yako Muunguja au Mpemba?"