Baba Amebadili Injini Tena

Jumapili, 5 Oktoba

Lorenz kaja leo kumwona Baba huku nyumba ya wazee. Mara ya mwisho ilikuwa Pasaka. Kaja na mkewe, wifi yangu Silke, na keki ya plamu ya kununua, na tabasamu. Nilipoliona lile tabasamu nikajua kuna jambo. Mdogo wangu huyo hatabasamu bure.

Jambo lenyewe ni gari. Kiwanda kimetoa gari jipya – dogo, la juu, la kifahari, viti vya ngozi, skrini mbele ya dereva utadhani sinia la pilau. Kila mstaafu wa pale ana haki ya kuagiza moja kwa mwaka kwa punguzo. Baba kapaka rangi magari ya kiwanda hicho ujana wake wote, kwa hiyo haki anayo. Lorenz hana, yeye anauza bima. Lakini kuna masharti: mstaafu asaini mwenyewe, na siku ya kuchukua gari awepo mwenyewe. Yaani awe hai.

Silke akamfungulia Baba broshua juu ya blanketi. Lipo la petroli, lipo la haibridi, petroli na umeme pamoja, lipo la umeme tupu, baba mkwe – sauti ya kumlisha mtoto uji. Lorenz anataka petroli, avute ile nyumba ya magurudumu wanayoendaga nayo Italia. Silke anataka umeme, kwa sababu majirani zao wanalo, na wanalichaji mbele ya nyumba ili kila apitaye aone. Wakabishana juu ya kichwa cha Baba kana kwamba hayupo. Mwisho wakapatana: haibridi. Baba akasaini, Silke kamshikia karatasi.

Keki iliyobaki wameondoka nayo. Nimechefuka mpaka sasa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimemkuta Lorenz kwenye korido na Ljubica, muuguzi. Anamuuliza habari za moyo wa Baba. Nikafurahi kidogo. Kisha nikasikia swali lenyewe: gari litatoka Desemba, je, mzee atafika Desemba?

Ljubica akamjibu hapa hatutoi tarehe, bwana, akaenda zake.

Nikamwambia Lorenz huna haya wewe. "Dada, usinianze," akasema. "Nauliza tu. Ni baba yangu pia."

Kinyaa. Sina neno lingine.

Jumapili, 26 Oktoba

Sasa wanakuja kila Jumapili, na katikati ya wiki pia. Silke kaleta supu ya madonge ya maini. Kampunguza Baba nywele za masikioni, kwa mkono wake mwenyewe! Mwanamke aliyesema mwaka jana chumba hiki kinanuka, akagoma kuvuka mlango.

Baba anaisifu supu. Mimi namletea mkate kila siku nikitoka kazini, wa moto, kutoka duka ninalofanyia kazi. Hajawahi kusema hata "mkate mzuri". Mimi ni kabati la humu ndani. Inauma. Naiandika kwa sababu sina pa kuisemea.

Halafu, kijiko mkononi, Baba akatamka: amefikiri, na mtu mwenye mzigo wa kuvuta anahitaji petroli.

Lorenz nusura amwage supu kwa furaha. Silke kanuna. Akakumbusha kwamba ukibadili injini, oda inarudi nyuma ya foleni, basi Desemba usahau, ni Januari huko. Baba akasema yeye hana haraka.

Jumanne, 11 Novemba

Sikukuu ya Mtakatifu Martini, siku ya watu kula bata. Silke kaja peke yake na paja la bata bukini na kabichi nyekundu. Lorenz yuko kazini, na nadhani ndiyo maana kaichagua leo. Kamkatia Baba nyama vipande vipande. Baba mkwe, wafikirie wajukuu zako, petroli inaharibu hewa watakayovuta. Hao wajukuu hawajui hata Baba analala ghorofa ya ngapi.

Baba akatafuna taratibu, akafuta mdomo. "Basi, liwe la umeme," akasema.

Foleni tena. Februari.

Jioni Lorenz kanipigia anafoka: wewe ndiye unayemtia maneno mzee. Mimi! Sina hata leseni ya kuendesha. Nikamwambia kamuulize mkeo na bata wake.

Jumamosi, 6 Desemba

Leo wamegombana waziwazi, mbele ya Baba na mbele ya sahani ya mikate ya tangawizi.

"Hilo la umeme litavuta nini?" Lorenz akauliza. "Kigari cha mtoto?"

"Afadhali," Silke akasema. "Kila mwaka unakivuta kile kibanda chako mpaka Italia, tukaliwe na mbu tuliowalipia."

"Baba, sema wewe. Neno la mwisho."

Baba akachagua mkate mmoja, akaugeuza huku na huku. Hata haibridi haikuwa mbaya, akasema. Atafikiri. Waje Jumatano. Na Jumapili pia waje, asije akasahau alichofikiri.

Walipoondoka nikamwambia, Baba, unawachezea hawa. Alikuwa anakunja karatasi ya mkate wake, anaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kabisa.

"Ni injini tatu tu, Burgi," akasema. "Wangetengeneza na ya nne."

Nimerudi nyumbani kwa baiskeli, baridi inauma, nimekereka na kila mtu. Na hao wawili wanaomnunua mzee kwa supu. Na Baba mwenyewe anayekubali kununuliwa. Na mimi, ninayekuja siku zote bila injini yoyote, halafu naona wivu kwa ajili ya bata.

Alhamisi, 8 Januari

Oda imefungwa. Haibadiliki tena. Umeme, na Lorenz kakubali, mradi foleni isirudi nyuma.

Lorenz kakaa na Baba mpaka muda wa kubadili ukapita, simu ya Baba iko mfukoni mwake. Eti kumlinda asisumbuliwe. Baba hakugusa chakula cha jioni.

Ijumaa, 20 Februari

Siku ya kuchukua gari.

Baba kafika. Shati jeupe, tai, blanketi juu ya miguu. Asubuhi Lorenz alimwambia Ljubica, "Umeona? Moyo umefika," anajisifu utadhani yeye ndiye aliyekuwa anausukuma. Ljubica akaendelea kumfunga Baba viatu.

Ukumbi wa kukabidhi magari unang'aa mpaka unaona aibu kukanyaga. Watu wamevaa nguo za kanisani, wanapiga picha, wengine wanalia. Kulilia gari, watu wazima! Mama mmoja wa kiwanda akamwita Baba kwa heshima, Bwana Aschenbrenner, karibu tena nyumbani, akampa mkono, akampa ufunguo. Baba akaufumbata. Akaniomba nimsukume karibu.

Akapitisha kiganja kwenye mlango. Polepole, kutoka mbele kwenda nyuma, jinsi alivyokuwa anatupapasa vichwa tukiwa na homa. Kisha Silke akatoa kitambaa kwenye mkoba, akafuta mahali ulipopita mkono.

Nilimwona. Baba naye alimwona.

Nilitaka kumshika Silke kwa hiyo skafu yake ya hariri. Sikumshika. Nikakazana kurekebisha blanketi ambalo halikuwa na kasoro.

Lorenz akauchukua ufunguo, nikutunzie Baba. Wakati wa kurudi kiti cha magurudumu hakikuingia kwenye buti. Broshua nzima inaisifu buti, na sasa imejaa nyaya za kuchajia na mashuka ya Silke ya kufunikia viti. Baba karudi kwa basi la nyumba ya wazee, mimi pembeni yake. Wao walitupita njiani. Hatukusikia kitu, tukaona tu limepita.

Jioni picha imefika kwenye kundi la familia. Lorenz, Silke, gari. Pembeni kabisa kuna gurudumu la kiti cha Baba. Nusu yake.

Jumapili, 8 Machi

Jumapili mbili zimepita bila wao. Ya kwanza Silke aliandika wana mafua. Ya pili hakuandika kitu.

Leo Baba kajinyoa mwenyewe, kajikata kidevuni. Kaniambia nitoe vile viti viwili vya wageni. Nilipotaka kukata keki vipande viwili alinikodolea macho, nikakata vinne. Tukakaa. Kahawa ikapoa.

"Gari lina shida?" akauliza.

"Halina, Baba."

"Hata taa?"

"Hata taa."

"Rangi je?"

"Rangi safi."

Akatazama dirishani. "Siku hizi wanatengeneza vizuri mno," akasema.

Hapo nikashindwa. Nikampigia Lorenz, nikaweka sauti nje ili Baba asikie. Nilichotaka ni amsalimie tu, basi. Kapokea mara moja. Hakusema hujambo dada. Hakusema Baba anaendeleaje. Kasema, "Kuna nini? Kiwanda kimepiga? Gari lina shida?"

Baba akanigeukia. Sijawahi kutazamwa hivyo na Baba. Hata siku moja.

"Ndiyo," nikasema. "Wanataka saini yake. Leo hii."

Saini, Jumapili! Kiwanda gani hicho? Hakuuliza. Kasema tunakuja sasa hivi, msiende popote, na nyuma yake nikamsikia Silke anatafuta viatu.

Ndiyo hali ilivyo sasa. Nimekaa ukingoni mwa kitanda chake, naandika. Hakuna karatasi ya kusaini. Sijui nitawaambia nini wakifika, na najionea kinyaa, maana sasa na mimi nimeingia kwenye biashara ile ile. Baba anataka kahawa ipashwe moto. Anataka kiti chake kisogezwe dirishani, kwa sababu gari lile halina mlio, linaweza kufika tusijue. Nimekisogeza. Amelamba kidole, amelaza nywele zake pembeni.

Na sasa anataka kalamu, awe tayari. Nimemwambia ninayo hii moja tu, Baba, subiri nimalize mstari