Simu za Kirungu Zimepata Njia

Kalemie, tarehe 14 Juni 2024

Mpendwa Tantine Hélène,

Ninakusalimu wewe na wote walio nyumbani kwako Lubumbashi. Mnaamkaje? Baridi ya huko katika mwezi huu ninaikumbuka, ndiyo maana nauliza kwanza habari ya kifua chako. Je, kikohozi kimepungua? Sisi huku tuko wazima, Mungu ametutunza. Mama bado analalamika goti, lakini Jumapili alitembea mwenyewe mpaka kanisani na kurudi, na mkono wangu akaukataa.

Maji ya ziwa yaliyofurika yamerudi nyuma, Tantine. Jirani zetu waliohama wameanza kurudi na kupaka chokaa upya. Kwetu kiliharibika kipande cha ukuta wa jikoni tu, na kimeshajengwa.

Uliuliza ninafanya kazi gani hasa hospitalini, maana mwanao Dédé alikuambia eti ninachunga mashine. Amesema kweli! Wewe utanielewa kuliko wengi, kwa sababu ulikaa miaka kumi na saba kwenye santrali ya simu ya reli, ukichomeka nyaya kwa mkono ili watu wasikilizane.

Hospitali yetu imeunganishwa kwa sauti na picha na vituo vya afya vya mbali. Mkunga wa Kirungu, kule milimani, akipata shida anapiga namba, na uso wake unatokea kwenye ekra, ile kama televisheni, mbele ya daktari aliye hapa Kalemie. Katikati kuna mashine inayoitwa serveri, nayo ndiyo santrali ya siku hizi. Ina orodha ya kanuni: namba hii iende chumba hiki, namba ile chumba kile. Inasoma kuanzia juu, na ikikuta kanuni ya kwanza inayolingana na namba iliyopigwa, inaifuata hiyo na kuacha kusoma. Kuandika orodha hiyo ni kazi yangu.

Sasa nikuambie kilichonipata. Mwezi wa nne, Daktari Clémence, anayehudumia wanawake wanaojifungua, alihamia chumba kilichokuwa biro, yaani ofisi, zamani. Kikapewa namba 47. Juu ya orodha kulikuwa na kanuni ya siku nyingi: kila namba inayoanza na 4 iende kwenye ukumbi wa mikutano. Mimi nikaandika kanuni ya 47 chini yake. Nilipiga kutoka biro yangu, Daktari akaitika, nikarudi nyumbani nimefurahi. Sikukumbuka kwamba simu za ndani ya hospitali hazipiti kwenye orodha ile. Zinazopita ni zile za kutoka nje tu.

Jumanne ya wiki jana, saa nne asubuhi, Papa Aristide, msimamizi wetu, alikuwa ukumbini na wakuu wa idara wakijadili paa la chumba cha kufulia. Nilikuwa pale natengeneza kipaza sauti. Mara ekra ikalia, nikaigusa kuitika. Tukamwona Mama Bertille, mkunga wa Kirungu, glavu zake zimejaa damu.

“Daktari iko wapi? Mama amezaa, na damu haisimame!”

Wale wanaume waliganda kwenye viti. Papa Aristide ndiye aliyenyanyuka, na umri wake ule, akatoka mbio kumtafuta Daktari Clémence. Mimi nikasogea karibu na ekra, nikawa nasema tu, “Mama Bertille, usikate. Anakuja. Usikate.”

Daktari alifika akihema, akawaondoa watu wote isipokuwa mimi. “Weka mukono juu ya tumbo, sugua kwa nguvu,” akamwambia. “Ile sindano ya kukaza kizazi umeshatoa? Sawa. Usiache kusugua. Niko hapa, sitoki.” Ilichukua karibu saa nzima. Kisha damu ikapungua, ikasimama, na tukasikia sauti ya yule mama mwenyewe akiomba uji. Daktari akacheka huku anajifuta macho.

Ndipo Mama Bertille akasema, “Daktari, mwezi uliopita nilikuita mara mbili. Hakuna muntu aliitika. Mugonjwa mumoja tulimubeba mabegani kwa kipoyi mupaka hospitali ya Moba, Mungu akasaidia akapona. Nikasema basi, sisi watu wa mulimani hamutuhesabu.”

“Dada yangu, sikusikia simu hata moja,” Daktari akajibu.

Nilijua papo hapo simu zile mbili zililia wapi: mle ukumbini, siku ambazo hapakuwa na mkutano. Nilikwenda kufungua orodha. Nikaipandisha kanuni ya 47 juu ya ile ya zamani. Mstari mmoja tu! Nikamwomba Mama Bertille apige tena, na simu ikalia mezani kwa Daktari.

Ningeweza kunyamaza, kwa sababu hakuna mwingine anayesoma orodha ile. Lakini nilikwenda kwa Papa Aristide nikamwambia kosa ni langu. Akaniuliza:

“Kama tungemaliza mkutano saa tatu je?”

Akasema, “Basi tangu leo, namba yoyote mupya haianze kazi mupaka kituo chenyewe kiipige kutoka kule.”

Mama Bertille nilimwomba msamaha kesho yake, uso kwa uso kwenye ekra. Akasema, “Mutoto wangu, mimi nilimukasirikia Daktari bure. Umuombe na yeye.” Nikamwomba pia. Tangu siku hiyo usingizi wangu ni mzuri.

Félicien, anayekuletea barua hii, amebeba pia mfuko wa ndagala wakavu. Ni wa ziwani kwetu, wameanikwa na Mama mwenyewe.

Nisalimie Papa Ignace, mwambie apunguze chumvi. Msalimie Dédé na mke wake Mireille, na watoto wote. Mama anakusalimu sana, anakungoja Noeli.

Jana, Tantine, simu ya Kirungu ililia kwa Daktari nikiwa mlangoni pake. Akaitika haraka, akauliza mgonjwa ana nini. Mama Bertille alikuwa amekaa, amevaa kitenge kizuri.

“Hakuna mugonjwa,” akasema. “Nilitaka tu kuona kama mutaitika.”

Bwana akulinde wewe na nyumba yako, akupe pumzi nyepesi na siku nyingi.

Mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda daima,

Huguette