Vichwa Sita, Wanaume Watatu

Jumatatu, 3 Juni

Mwalimu Danai, nani alikulea wewe? Unamfuata mwanamke mlangoni kwake, ameshika kisu anaparua samaki, unamwambia mumeo ataliwa Jumapili ya Pentekoste! Ndivyo alivyofanya leo bandarini, nyumba kwa nyumba. Anataka kijiji kiigize lile shairi la kale la nahodha aliyepotea baharini miaka, hasa pale dude linapowanyakua mabaharia wake sita. Kila mtu anataka kuwa nahodha. Wa kuliwa — hakuna! Wake zao wametema mate mara tatu kufukuza mkosi, ptu ptu ptu, wakafunga milango. Bahari imekula wa kutosha kisiwa hiki bila ya kuonyeshwa namna.

Mwishowe wamekubali watatu, wote wa mashua yetu: Thymios wa injini na wale ndugu wawili, Lambis na Mikes. Wamekubali kwa kuwa nahodha, wa mashua na wa mchezo, ni mwanangu Argiris, na wao humfuata popote. Dude lina vichwa sita, wanaume ni watatu. Mwalimu kasema basi, kila mmoja ataliwa mara mbili. Thymios akasema mara ya pili wamtie limau.

Na dude atalishona nani? Mimi. Nani mwingine.

Jumatano, 5 Juni

Mazoezi yako juu ya mashua yenyewe, imefungwa gatini. Ina jina langu, Kalliroi. Marehemu mume wangu aliliandika kwa mkono wake. Kwa hiyo nilikaa mbele kabisa, sikuomba ruhusa.

Sasa hili shairi — limenichanganya. Nahodha aliambiwa mapema na mwanamke mchawi: kwenye mlango wa bahari, upande huu kuna shimo linalomeza chombo kizima. Upande ule kuna dude, jike, vichwa sita, na litachukua watu sita. Akachagua dude. Haya. Lakini hakuwaambia watu wake! Aliogopa wataacha makasia. Halafu akavaa silaha, akasimama omo, mbele kabisa ya chombo, kama jogoo, na alishaambiwa silaha hazifai kitu. Za nini basi?

Thymios akasema yeye angependa kuambiwa. Kasia asingeliacha, ila angemaliza maharage yake kwanza. Wakacheka. Nikawafokea: nahodha akisema kila anachokijua, nani atapiga kasia? Marehemu hakusema kitu, na mlikula samaki! 

Argiris peke yake hakuwa amecheka. Aliniangalia kama nimempa kitu mkononi.

Sijui nimempa nini.

Alhamisi, 6 Juni

Argiris kaniletea picha ya Mtakatifu Nikolao, mlinzi wa mabaharia, ile ya mashuani, kaifunga kwa taulo. Eti niisugue ile fedha iliyoifunika ing'ae siku ya mchezo. Nimesugua kwa majivu na limau. Inang'aa.

Lakini picha ile haijawahi kushuka! Marehemu alikuwa akiifuta palepale, juu ya usukani, kwa leso yake. Mtakatifu hashuki chomboni ila chombo kimekwisha. Hilo hata paka wa bandarini anajua.

Labda vijana wa siku hizi hawajali. Labda.

Jumapili, 9 Juni

Wanapaka rangi. Bluu mpya ubavuni, nyeupe juu. Siku ya Bwana, na hakuna aliyeona haya. Lambis ananipigia kelele kutoka juu ya ubao: Bi Kalliroi, mzee wetu Nikolao bado yuko saluni kwako? Nikasema bado, ndevu zake ndefu.

Wakacheka sana. Mimi pia. Halafu nikarudi nyumbani, nikakaa mbele ya taulo lile, sikulifungua.

Jumanne, 11 Juni

Nimemshika Argiris ngazini. Nikamuuliza, mwanangu, Mtakatifu ana nini? Akasema hana kitu. Nikamwambia mtoto mchanga hudanganya vizuri kuliko wewe. Akakaa chini, hapohapo kwenye ngazi, mwanamume mzima.

Ametia sahihi tangu wakati wa baridi. Ule mpango wa serikali: unarudisha leseni ya uvuvi, unalipwa, chombo kinavunjwa ukitazama. Tingatinga linakuja na feri Jumatatu. Mwaka juzi lilimvunjia Fotis mashua yake kule karibu na kiwanda cha barafu. Ule mkono wa meno ulishuka mara moja tu, mbao zikalia kama mbuzi. Mimi nilikuwepo.

Na sasa Kalliroi. Jina langu!

Nimemtukana kwa sauti ya chini, majirani wasisikie, mpaka koo linauma. Aliacha nimalize. Kisha akasema: mama, bahari haina samaki tena, inatumeza wote kidogo kidogo. Upande huu shimo, upande ule dude. Nimechagua dude.

Na hawa watatu je? Akasema wakijua wataondoka, na sharti la mpango ni chombo kivue hadi siku ya mwisho. Atawasaidia baadaye. Halafu, bila haya: mama, si wewe uliyesema? Nahodha akisema kila anachokijua, nani atapiga kasia?

Maneno yangu! Kanirudishia kama chenji.

Nikauliza, na rangi? Rangi mpya kwa mashua ya kuvunjwa? Akasema hakutaka iende chafu.

Basi zile silaha za yule nahodha ndiyo rangi hii. Nimeelewa. Au sijaelewa kitu. Nataka kumzaba kibao na nataka kumpikia.

Alhamisi, 13 Juni

Nahodha wa mashua ya jodari, wa upande wa pili wa kisiwa, alikuja gatini kutafuta watu. Msimu mzima, wanaondoka Jumatatu asubuhi. Akamwendea Mikes. Mikes huyu amechumbia, hana hata kitanda. Akajibu kwa kujidai, kifua mbele: ahsante mzee, sisi tuna nahodha wetu. Thymios akaongeza kwamba yeye amebanwa, ana miadi ya kuliwa mara mbili.

Yule mzee akacheka, akasema nafasi zipo mpaka Jumapili jioni, akaenda zake.

Argiris alikuwa pale, anafungua fundo ambalo halikuwa fundo. Mimi nilikuwa pale, nina kichwa cha dude mapajani, nakitia macho ya kizibo. Hatukusema neno. Hata mimi! Mimi ninayemsema kasisi kwa kuchelewa!

Jumamosi ya Wafu, 15 Juni

Nimepeleka kanisani ngano ya kuchemsha ya kumkumbukia marehemu, nimeipamba kwa sukari na lozi. Nikamuuliza mume wangu kimoyomoyo: wewe ulijua mangapi ukanyamaza? Hakujibu. Hata alipokuwa hai hakuwa akijibu.

Mazoezi ya mwisho. Mwalimu alisoma pale dude linapowainua wale sita hewani, miguu na mikono ikining'inia, nao wakamwita nahodha kwa jina lake, mara ya mwisho. Thymios akapiga kelele kwa mchezo, anatapatapa chini ya vichwa vyangu vya wavu: Argiris! Argiris! Watoto wakafurahi sana.

Mwanangu akageuka akatazama bahari.

Hilo ndilo limeniingia. Siyo kwamba nahodha alinyamaza. Kwamba walimwita yeye. Na watu wanasema ni shujaa. Alifika nyumbani, ndiyo — peke yake. Shule nilikaa miaka mitatu tu, lakini nahodha asiye na watu ni abiria.

Lakini angesema, wangekufa wote? Sijui. Nazunguka, narudi palepale. Vichwa vitano vimekamilika. Cha sita nimekiacha bila macho.

Jumapili, 16 Juni

Nimewaita wote watatu chakula cha mchana kabla ya mchezo. Samaki wa kuoka, mboga za mlimani. Katikati ya meza, mahali pa mkate, nimemweka Mtakatifu. Bila taulo.

Naandika nimesimama jikoni, juu ya kifuniko cha sufuria. Wako nje chini ya mzabibu, nawasikia na kuwaona dirishani. Kwanza Lambis: oho, mzee katoka saluni! Wakacheka. Halafu Thymios, polepole: mbona yuko mezani, siyo mashuani?  Sasa hakuna anayekula. Mikes ameweka uma chini.

Labda nimemuuza mwanangu. Labda mpango utafutwa, tutabaki na mashua nzuri ya bluu na bahari tupu. Sijui! Nafasi za jodari zinafungwa jioni.

Argiris huyo, anapanda ngazi. Amevaa ngao ya bati ya mchezo. Ameiona meza. Amesimama. Ananitazama dirishani nimwokoe.

Hapana. Mimi sisemi kwa niaba yako.

Vua hilo bati, Argiris. Usikae kiti cha baba yako. Kaa hapo kwenye benchi, kati ya Thymios na Mikes, uwatazame usoni, uwaambie yote. Samaki akipoa, apoe.